Kidonge cha Wasiwasi na Rakaa Zinazopotea

Pale Shela, Malindi, yuko mzee mmoja, mwalimu wa chuo, ambaye ukimwanzia aya yoyote huimaliza bila kusita. Mzee huyu huyu sasa akisali peke yake hajui kama yumo katika rakaa ya pili au ya tatu. Huuliza jambo akajibiwa, na kabla kahawa haijapoa akauliza tena. Wa nyumbani wamegawanyika: hawa wasema ni uzee, wale wasema amechezewa. Hakuna aliyetazama chini ya mto wake, ilipo pakiti ya diazepamu anayomeza kila usiku tangu afiwe na mwanawe.

Dawa hii, iliyoingia madukani mwaka 1963 kwa jina la Valium, yatuliza kweli. Lakini yeye na jamaa zake huuzuia ubongo kuweka mambo mapya, ya zamani yakabaki mahali pake. Ndiyo sababu aya za utotoni zipo, na rakaa ya sasa hivi haipo. Madaktari wa upasuaji huutumia usahaulifu huo kwa makusudi, mgonjwa asikumbuke yaliyompitia. Katika mwili wa mzee dawa hukawia kutoka. Cha jana hakijaisha, cha leo kimeingia. Nayo hufaa kwa majuma mawili hadi manne, si kwa miaka.

Lakini tahadharini, msikitupe kidonge hicho baharini. Aliyekizoea akikiacha ghafula aweza kushikwa na degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, daktari akiangalia.

Na badala yake? Zipo dawa nyingine za wasiwasi zisizosahaulisha namna hii, ingawa huchukua majuma kadhaa kufanya kazi. Yapo pia mazungumzo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitunga mafunzo ya vikao vitano ya kukabili dhiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanawake wa Nairobi waliofunzwa na wahudumu wa afya wa mitaani, si mabingwa, walipata nafuu. Dua na nyiradi hazigombani na haya. Inayogombana nayo ni kahawa tungu ya barazani baada ya Isha, na twajua tutachukiwa kwa neno hili.

Bintiye mzee atampeleka hospitali. Tumemnasihi aichukue ile pakiti mkononi, kwani wakiulizwa ni tangu lini, mzee mwenyewe hakumbuki.