Timu ya mtaani hujengwa kwa daftari, si kwa jezi za mheshimiwa

WEBUYE ni mji unaojua vyema gharama ya kumtegemea mlezi mmoja.

Tangu kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, maarufu kama Pan Paper, kilipoanza uzalishaji mwaka wa 1974, maisha ya mji huu ulio kando ya Mto Nzoia yaliambatana nacho. Maduka, nyumba za kupanga, karo za watoto na hata kandanda vilitegemea mshahara wa kiwanda.

Timu iliyobeba jina la kiwanda hicho iliwahi kucheza katika ligi ya juu kabisa nchini. Utaratibu wa timu za kampuni enzi hizo ulikuwa rahisi: kampuni ilinunua jezi na mipira, ikagharamia usafiri, na mara nyingi ikawapa wachezaji ajira. Mashabiki hawakuombwa kitu ila kelele.

Mnamo Januari 2009 kiwanda kikafungwa. Juhudi za kukifufua zilisuasua kwa miaka hadi kilipouzwa kwa kundi la kampuni za Rai mwaka wa 2016. Jina lililokuwa likiutangaza mji wa Webuye katika viwanja vya Nairobi, Mombasa na Kisumu halimo tena katika orodha ya timu za Ligi Kuu.

Masaibu hayo hayakuwakumba watu wa Webuye pekee. Rivatex ya Eldoret, timu ya kiwanda cha nguo, ilitwaa kombe la taifa katika miaka ya tisini kabla ya kiwanda chenyewe kuporomoka. Mumias Sugar ililitwaa kombe hilo mwaka wa 1996 na tena 1999. Miaka 20 baadaye, mnamo 2019, benki iliyokuwa ikikidai kiwanda hicho cha sukari ilikikabidhi kwa msimamizi.

Karibu zaidi na Webuye, Nzoia Sugar ya Bungoma ilipanda Ligi Kuu mwaka wa 2017. Ilishuka daraja mwaka wa 2024, wakati kiwanda mama kikiwa kimelemewa na madeni, na mwaka uliofuata serikali ikakikodisha kiwanda hicho kwa mwekezaji wa kibinafsi.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Swali linalowakabili vijana wanaounda timu mitaani na vijijini Bungoma na Trans Nzoia leo ni iwapo wamejifunza lolote kutokana na historia hiyo, au wamebadilisha tu mlezi.

Dalili zaonyesha kwamba wengi wamebadilisha mlezi. Pengo lililoachwa na viwanda limejazwa na wanasiasa. Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, viwanja vya shule za msingi hugeuka uga wa mashindano ya kombe la mheshimiwa fulani. Jezi mpya hugawanywa, mipira hurushwa kwa umati, mbuzi au fahali hutolewa kwa mshindi, na picha hupigwa.

Kura zikishahesabiwa, jezi huchakaa na mipira hutoboka. Timu iliyoundwa kwa ajili ya kombe husambaratika, kwa kuwa haikuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Si kosa kupokea jezi kutoka kwa kiongozi. Kosa ni kudhani kuwa jezi ndiyo timu.

Kanuni za kandanda zenyewe hazidai makuu. Zinataka uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, mpira mmoja, refa, na wachezaji 11 kila upande. Hata 7 wakijitokeza mechi yaweza kuanza. Kuanzisha timu, kwa hivyo, ni kazi ya jioni moja. Kazi ngumu ni kuiweka hai msimu wa pili.

Kinachoua timu nyingi si ukosefu wa vipaji. Eneo hili lina vipaji tele, na shule kama vile St Anthony's ya Kitale na Wiyeta zimejizolea sifa kwa kandanda ya wavulana na wasichana. Tatizo huanza mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne. Asipochukuliwa na klabu kubwa, humwona mpira kama kumbukumbu ya ujana, ila kama kuna timu ya mtaa iliyo na mpangilio wa kumpokea.

Mpangilio huo huanza na daftari. Tuchukue mfano mwepesi: wanachama 40, wakiwemo wachezaji, waendeshaji bodaboda, wauza mboga na walimu, wakubaliane kuchanga Sh50 kila wiki. Hizo ni Sh2,000 kwa wiki, na kufikia mwisho wa mwaka ni Sh104,000. Fedha hizo hazitampeleka mtu Ligi Kuu, lakini zaweza kununua mipira, kulipa marefa, kujaza sanduku la huduma ya kwanza na kukodi matatu ya kwenda kucheza Kimilili au Kitale.

Watu wa Webuye hawahitaji kufunzwa mfumo huu. Ndio unaoendesha vyama vya akina mama, vikundi vya mazishi na makundi ya bodaboda. La kushangaza ni kwamba mtu anayetoa mchango wake kwa chama kila Jumapili bila kukosa huiona timu ya kijiji kuwa mzigo wa mtu mwingine.

Sababu mojawapo ni kwamba timu nyingi huwa mali ya mtu mmoja. Yeye ndiye mwanzilishi, kocha, mweka hazina na msemaji. Jezi hulala nyumbani kwake. Akipata kazi Nairobi au akikosana na nahodha, timu huondoka naye. Hakuna mwanachama atakayechangia mfuko asioweza kuuliza habari zake.

Sheria imeweka dawa ya tatizo hilo, ingawa wachache huitumia. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 ilianzisha afisi ya Msajili wa Michezo, na klabu inayotaka kutambuliwa hutakiwa kuwa na katiba yake na viongozi wanaojulikana. Wengi huona usajili kuwa usumbufu wa karatasi. Ukweli ni kwamba karatasi hizo ndizo zinazoitenganisha klabu na mfuko wa mwanzilishi wake, na ndizo zinazoiwezesha kufungua akaunti ya benki kwa jina lake.

Lipo pia suala lisilosemwa hadi siku ya mkasa: nani atagharamia matibabu ya kijana anayevunjika mguu uwanjani? Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya iliyokuwa NHIF. Klabu yenye busara itaweka sharti kwamba kila mchezaji awe amejisajili na michango yake imelipwa kabla ya kuvaa jezi. Bila hivyo, mzazi wa mchezaji huuza ng'ombe kwa ajili ya mechi ya kirafiki.

Serikali ya kaunti nayo haiwezi kujitoa lawamani. Katiba ya 2010 iliyapa magatuzi jukumu la michezo na viwanja vyake. Bungoma iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka wa 2024 katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, na ni fahari kwa kaunti kuwa na uwanja wa hadhi hiyo. Hata hivyo, kijana wa mashinani huchezea uwanja wa shule, kwa hisani ya mwalimu mkuu, na nguzo za goli ni miti iliyokatwa msituni. Klabu iliyosajiliwa, yenye wanachama wapiga kura, ina sauti ya kudai uwanja huo ulindwe dhidi ya wanyakuzi. Kundi la vijana wasio na jina halina.

Watakaopinga watasema kwamba Sh50 za bodaboda haziwezi kuendesha kandanda ya ushindani, na kwamba timu ikipanda madaraja gharama ya safari huishinda. Ni hoja nzito, na ni kweli kwamba kufikia ngazi fulani mfadhili hana budi kutafutwa. Lakini mfadhili anayeikuta klabu ina katiba, hesabu na wanachama huwa mgeni katika nyumba iliyojengwa. Akiondoka, nyumba hubaki.

Mifano ipo. AFC Leopards, inayopendwa sana katika eneo la Magharibi, haikuanzishwa na kampuni. Ilizaliwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya, pale timu ndogo za Waluhya jijini Nairobi zilipoungana. Imepitia misukosuko mingi ya uongozi na fedha, lakini ingali hai kwa kuwa watu wanaihesabu kuwa yao.

Mathare nako, shirika la vijana la MYSA lilianza mwaka wa 1987 kwa ligi za watoto wa mitaa ya mabanda, ambapo timu ilipata alama za ziada kwa kufanya usafi mtaani. Kutoka hapo ikatokea Mathare United, iliyotwaa kombe la taifa mwaka wa 1998 na 2000, kisha Ligi Kuu mwaka wa 2008.

Si lazima kila timu ya Webuye ifike huko. Inatosha iwepo msimu ujao, na ule utakaofuata, ili kijana wa kidato cha nne apate pa kwenda jioni. Msimu wa kampeni utakapowadia na mheshimiwa kuja na mipira yake, aikute timu imekaa mkutano, mweka hazina akisoma hesabu mbele ya wanachama. Mipira ipokewe, iandikwe daftarini, na mkutano uendelee.