Redio Kuukuu Si Laana



Leo nataka tuongee juu ya ile redio iliyo juu ya kabati lako, ile uliyoifunga kwa raba ya tairi na antena yake ni kipande cha waya. Asubuhi inashika Musyi FM bila shida. Basi mbona unaificha wageni wakija?

Kuna fundisho limeingia kwetu Kitui na Makueni kwamba mtu aliyebarikiwa anajulikana kwa ukubwa wa skrini iliyo ukutani. Mimi silikubali. Soma Kumbukumbu la Torati 8:4. Israeli walizunguka jangwani miaka 40, na Musa anawakumbusha kwamba mavazi yao hayakuchakaa. Angalia vizuri, mpendwa. Mungu hakuwashushia nguo mpya. Aliifanya ile ya zamani iendelee kufaa. Muujiza kama huo ukitufikia sisi, tunauita umaskini na kuuombea ututoke.

Jambo hili linagusa sufuria. Mvua tunayoitegemea huku ni ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu zinavunwa mwanzo wa mwaka, pesa inaingia mara moja, na hapo ndipo utaona TV mpya zikipanda bodaboda kuelekea vijijini, kidogo leo na nyingine kila wiki. Pesa ya ndengu inaisha, malipo hayaishi. Mvua ya Machi nayo mnaijua ilivyo. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, anakuta skrini inang'aa sebuleni.

Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mdai aliyetaka kuchukua wanawe wawili. Elisha alianza kwa kumuuliza ana nini ndani ya nyumba yake. Najua kuna mmoja atakayeniandikia kwamba hata yeye aliambiwa akaazime vyombo. Ndiyo, ndugu yangu, vyombo vitupu vya majirani, visivyo na riba!

Mnakumbuka mwaka wa 2015 matangazo ya analojia yalipozimwa? Wapo waliodhani TV zao za kisogo zimekufa. Nyingi zilihitaji king'amuzi tu, na ziko nyumba ambazo bado zinatazama habari kwa hizo hizo.

Sisemi ung'ang'anie kila kitu. Pasi yenye waya uliochunika itoe leo, usingoje ichome mtoto. Friji ambayo mlango haushiki inakumalizia tokeni, lakini anza kwa kubadilisha mpira wa mlango kabla hujafikiria friji nyingine. Na wewe baba unayekataa kununua betri mbili za redio ya mama yako huku mfukoni una simu ya maelfu, hiyo si kiasi, ni ubahili.

Redio ikinyamaza, mara nyingi ni waya ulioachia au kapasita iliyovimba. Fundi wa pale Wote, Kibwezi au Mwingi ataiona kwa dakika chache. Mlipe anachostahili, naye ana watoto.

Vijana wetu mliosomea umeme, Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi njooni kanisani na vifaa vyenu. Wajane watahudumiwa kwanza, na hakuna atakayelipa kitu isipokuwa bei ya kipuri.