Vifaranga wa ndege wa bahari wanakanyagwa, sisi tunatozwa ada ya kamera

Mhariri,

Juzi nimerudi Eldoret kutoka pwani na hasira hazijanitoka. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyonipata, kwa kuwa kule nilikolalamika hakuna aliyenisikiliza.

Mimi hupiga picha za ndege kwa mapenzi yangu na kwa fedha zangu. Huku Uasin Gishu nimewapiga picha sana korongo taji, lakini kwa muda mrefu nilitamani kumpata buabua akilea vifaranga. Kwa asiyemjua, buabua ni ndege wa bahari, mweupe, mwembamba, mwenye kofia nyeusi na mkia uliopasuka kama wa mbayuwayu. Huyu niliyemfuata, ambaye wataalamu humwita Sterna dougallii, msimu wa kuzaliana ukifika kifua chake huingia rangi hafifu ya waridi na mdomo wake huwa mwekundu. Maisha yake ni ya baharini. Nchi kavu huja kuzaa. Hapa Kenya mahali anapozalia panahesabika: Kisite karibu na Shimoni, Whale Island pale Watamu, na visiwa vya Kiunga upande wa Lamu. Huja wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, akishalea anaondoka. Kisiwa nilichokwenda mimi sitakitaja, maana sitaki kuwaongezea ndege hao wageni.

Safari yenyewe si mchezo. Ni basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha matatu na bodaboda mpaka ufukweni, na muda wote umekumbatia mkoba wa kamera hata ukisinzia. Nilifika alfajiri kama nilivyopanga, kwa sababu ndege mweupe hapigwi picha jua likiwa utosini. Weupe wote unaungua, hata unyoya mmoja hauonekani. Langoni nikaambiwa pesa taslimu hazipokelewi, nilipe kwa simu. Mtandao wa malipo nao ukawa umelala. Kila nikijaribu unazunguka tu. Nikaketi pale mpaka ule mwanga wote niliousafiria ukaisha. Malipo yalipokubali, afisa akaniambia nifungue mkoba.

"Lenzi kubwa namna hii ni ya biashara. Wewe ulipe ada ya wapiga filamu."

"Afande, mimi ni Mkenya, napiga zangu za nyumbani. Hiyo kanuni imeandikwa wapi niisome?"

"Ukitaka kusoma, rudi Nairobi."

Nikalipa. Ningefanya nini, na boti nimeshaikodi? Risiti niliambiwa itakuja kwa simu, na mpaka naandika barua hii haijaja. Wakati huohuo makundi ya watu wenye simu mkononi yalikuwa yakipita bila kuulizwa lolote, bila hata kuambiwa kwamba kisiwani kuna ndege wanaolea.

Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe lililochongoka, juu lina mchanga kidogo na nyasi kavu. Nahodha wangu, mzee wa palepale, alizima mashine mbali akaacha maji yatusogeze. Nikashuka upande usio na viota, nikalala kifudifudi, lenzi juu ya mkoba, nikatulia. Kazi hii ndivyo inavyofanywa: unakaa mbali, unajishusha chini, unangoja mpaka ndege wakusahau. Baada ya muda wakanisahau. Mbele yangu palikuwa na kifaranga mmoja, manyoya yake ya utotoni yamegandana vincha vincha, rangi yake ni ileile ya jiwe alilolalia, miguu myeusi. Bila lenzi humwoni; unamkanyaga ukidhani ni kokoto. Mzazi mmoja akaja na kisamaki cha kung'aa amekibana kwa upana mdomoni, akawa anatafuta pa kutua.

Ndipo boti nyingine ikafika. Waliteremka wote, na spika yao ya muziki, wakapanda moja kwa moja hadi katikati ya viota. Kisiwa kizima kikainuka kwa mkupuo mmoja, ndege wakipiga kelele mpaka husikii maneno. Kijana mmoja akarusha droni. Mwenzake akaokota kifaranga, akamweka kiganjani, wakawa wanapokezana ili kila mmoja apate picha yake. Yule mwenye samaki alizunguka juu ya vichwa vyao, akishuka na kupaa, akishuka na kupaa, hadi samaki akamdondoka. Mlinzi aliyekuja nao alikuwa ameketi botini, kivulini.

Niliwapigia kelele watoke. Mmoja akanijibu kwamba mbona na mimi nina kamera, tena kubwa kuliko zao.

Mhariri, hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Lenzi ndefu ndiyo inayomwezesha mtu kukaa mbali. Anayemdhuru ndege ni yule anayemwendea kwa miguu, awe na kamera ya bei gani. Buabua hajengi kiota cha kueleweka. Yai hulilaza chini, juu ya jiwe au mchanga mtupu. Mzazi akifukuzwa saa sita mchana, jua huliharibu yai lile kwa muda mfupi sana, na kifaranga mchanga vilevile. Kifaranga aliyeshtuka hukimbia, akiingia eneo la jirani hudonolewa, mara nyingine mpaka afe. Au hutumbukia katika ufa wa matumbawe, na humo hatoki. Kaa nao hawako mbali.

Na kunguru je? Nazungumzia wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi na sasa wamejaa pwani nzima. Hao hula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba itawaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Nilipokuwa nimelala pale, niliwaona wawili wakitua nyuma ya kundi lile la watu, penye viota vilivyoachwa wazi. Tunatangaza vita na kunguru huku tukiwafungulia mlango wenyewe!

Nahodha ndiye mtu pekee siku hiyo aliyezungumza lenye maana. "Hawa ndio wanaotuonyesha samaki, mwanangu," aliniambia tukirudi. "Ukiwaona wamekusanyika wanajitupa majini, chini yao kuna jodari. Wakihama hawa, sisi tutamfuata nani?" Ni kweli tupu. Jodari huwasukuma samaki wadogo juu, buabua huwapata huko, na mvuvi asiye na mitambo huwatazama ndege akajua pa kutupa mshipi. Mzee huyu hakualikwa kwenye semina yoyote, lakini anajua kuliko wale wanaokata tiketi.

Nilirudi langoni nikaeleza niliyoyaona. Hakuna kitabu cha malalamiko. Nikaambiwa wageni ndio wanaoleta pesa, na kwamba sisi watu wa bara tunapenda kuja kufundisha watu kazi.

Basi na tuwatazame waliotangulia. Uingereza ina sheria ya mwaka 1981 ambayo humzuia mtu kumsumbua kwa makusudi buabua wa aina hii akiwa kwenye kiota au na makinda. Hata mpiga picha hupaswa kupata leseni kwanza. Kama wao ni matajiri mno kwa mfano, tuangalie Ushelisheli, majirani zetu wa bahari moja. Kisiwani Aride, ambako buabua hawa huzaa pamoja na ndege wengine wengi mno, mgeni huongozwa na walinzi, hatembei anavyotaka. Nasi hatukosi sheria. Tunayo ile ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013, na Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, kabla nchi nyingi za Afrika hazijafikiria jambo hilo. Tunachokosa ni mtu wa kunyoosha kamba na kusimama hapo mwanzo wa kamba akisema, mwisho wenu ni hapa.

Wala nisiwasakame watu wa pwani peke yao, kwa kuwa huku kwetu tunayafanya hayohayo. Korongo taji huzaa kwenye vinamasi vya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Vinamasi hivyo vinachimbiwa mitaro, vinakaushwa, vinalimwa mahindi, vingine vinakatwa ploti, na wapo watu wanaookota makinda ya korongo wakawafuge uani kama mapambo. Ndege huyo yumo katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, tukacheza na kushangilia. Tangu siku hiyo sijasikia kiongozi hata mmoja akisimama kutaja kinamasi. Ninachosikia ni bei ya ploti.

Wanasiasa wetu hawa ndio wanaonikera zaidi. Novemba 2018 Nairobi ilipokea mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu uchumi wa bahari, na tangu hapo hakuna jukwaa la pwani ambapo uchumi huo haukutajwa. Desemba wanateremka huko na familia zao na magari ya serikali, wanapanda boti, wanapigwa picha, wanarudi. Bahari kwao ni bandari, samaki na hoteli. Sasa wameshaanza kuzunguka na ahadi za uchaguzi wa 2027, na sina shaka watatuahidi daraja jingine na kiwanda kingine cha samaki. Na wakija kuomba kura kwa wavuvi, wamuulize nahodha wangu ni nani anayemwonyesha samaki.

Ninachodai ni kidogo na hakihitaji mkopo wa nje. Kuanzia Juni hadi Septemba boti zitie nanga kando, mtu asikanyage penye viota. Droni zipigwe marufuku juu ya kisiwa katika miezi hiyo. Ada ya kamera, kama ipo kihalali, ibandikwe langoni kwa Kiswahili, na tuambiwe inakwenda wapi, maana niliyotozwa mimi haikumlipa mlinzi hata wa kuinuka kivulini. Wahusika wanajijua. Naomba wajibu kupitia ukurasa huuhuu, na risiti yangu waitume.

Mpiga picha wa ndege,
Eldoret