Maabara imeandika 'E. coli', je, mtoto anaumwa nini?

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye genge Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, aliniletea mtoto wa miezi 14 anayeharisha. Mkononi alikuwa na karatasi ya maabara imeandikwa 'E. coli' kwa wino mwekundu, na mfuko wenye antibayotiki za aina mbili. "Dokta, nimetumia hela ya mtaji. Huyu mdudu atatoka lini?"

Nikamjibu kwamba mdudu huyo hata mimi ninaye. Wewe msomaji pia unaye. Theodor Escherich, daktari wa watoto, alimweleza mwaka 1885 baada ya kumkuta katika choo cha watoto wachanga. Wengi wa bakteria hawa huishi tumboni mwetu kwa amani.

Wapo wabaya, sikatai, lakini wana jina lile lile. Jambo hili lilionekana mapema kwa nguruwe (wapenzi wa kitimoto mnisikilize). Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa E. coli anayeharisha watoto wa nguruwe hubeba vipande viwili vya ziada vya vinasaba: kimoja cha kunasia kwenye utumbo, kingine cha kutengeneza sumu. Akinyang'anywa kimoja, madhara yake hupungua sana. Vinasaba vyote vya E. coli mpole wa maabara vilipochapishwa mwaka 1997, na vya ndugu yake hatari O157 mwaka 2001, huyo hatari alikutwa na jeni zaidi ya 1,000 ambazo mwenzake hana.

Vipande hivyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, E. coli wa kundi linalonata kwenye utumbo alikuwa amechukua jeni ya sumu inayoharibu figo. Aliwafikia watu kupitia uwatu ulioota, ulioliwa mbichi, na zaidi ya 50 walikufa. Kundi hilo hilo linalonata, bila sumu ile, ndilo lililoongoza miongoni mwa E. coli wa kuharisha katika utafiti wa watoto wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2007. Watafiti hao walilazimika kupima vinasaba ili kuwatambua.

Kuotesha choo peke yake hakuwatofautishi. Kwa hiyo naona maabara inayomwandikia mzazi 'E. coli' bila kutaja aina inamuuzia hofu, na anayeongeza antibayotiki juu yake anawafundisha usugu hata wale wapole. Kwa aina zenye sumu ya figo, dawa hizo zinaweza hata kuongeza hatari.

Mtoto anayeharisha majimaji anahitaji ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Kunyonya na chakula viendelee. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea au hawezi kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri majibu ya kipimo.

Na ukipewa karatasi kama ile, uliza: "Ni E. coli wa aina gani?" Wakikosa jibu, usinunue dawa kwa sababu ya karatasi hiyo.