Tumbawe Jeupe Halijafa

Mwezi huu tumeziweka kando barua za homa za watoto na miguu inayovimba, ili tujibu barua moja iliyotoka mbali, ambayo imetukalisha jioni tatu tukisoma mambo ambayo hatukufundishwa katika chuo cha uuguzi.

Mama aliyetuandikia ni mzaliwa wa Tanga. Yeye na mumewe wanaishi Marekani, na miaka miwili iliyopita walimchukua kijana wao aliyekuwa amebaki kwa bibi yake. Sasa ana miaka 14. Alifika akiwa mkimya. Shuleni hakupata rafiki, na nyumbani alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Kisha mwalimu wake wa sayansi akampa tangi la kioo lililotumika na vipande vitano vya matumbawe hai, vilivyokatwa kutoka kwenye tangi la mwalimu mwenyewe. Tangu hapo kijana akawa anaamka bila kuitwa, anapima joto la maji, anawaeleza wadogo zake kipi kimekua na kipi kimefunga. Baba alifurahi sana. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe akamnunulia taa mpya ya bei kubwa, akaifunga mwenyewe usiku watoto wakiwa wamelala, ili asubuhi iwe furaha.

Baada ya siku sita matumbawe matatu yalikuwa meupe kama chaki. Mama anasema huu ni wiki ya pili kijana hasemi na baba yake. Baba naye ameumia, anataka tangi litupwe wanunue la samaki wa kawaida. Mama anatuuliza mambo mawili: je, yamekufa? Na je, tangi hilo lina hatari kwa wadogo?

Dada yetu, kwa jinsi ulivyoyaeleza, hayajafa. Umeandika kwamba usiku, taa ikizimwa, bado unaona vinywele vidogo vikitokeza. Kilichokufa hakitoi vinywele.

Wengi wetu tuliokulia huku tumelijua tumbawe kama jiwe la kujengea nyumba au la kuchomea chokaa. Kumbe lile jiwe ni mifupa tu. Mwenyewe ni mnyama, tena wengi kwa pamoja, wadogo, laini, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake midogo, na ndio hao wanaotokeza usiku. Ndani ya nyama yao wamekaribisha mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye tumbawe zima ni ya huo mwani.

Mwanga au joto likizidi ghafla, mwani hushindwa kufanya kazi yake sawasawa na huanza kutoa vitu vyenye kudhuru. Hapo tumbawe huufukuza. Nyama yake hubaki kama kioo, na unachoona cheupe ni mifupa iliyo chini ya nyama hiyo. Kwa hiyo tumbawe jeupe ni mgonjwa mwenye njaa. Likipata utulivu, mwani uliobaki kidogo huongezeka tena, na rangi hurudi kwa wiki kadhaa au miezi. Lisipopata, nyama huoza, na juu ya mfupa huota utando wa kijani au kahawia. Huo utando ndio wa kuogopa, wala si ule weupe.

Jambo hili hutokea hata baharini. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaligeuka meupe, na sehemu kubwa ikafa. Lakini kuna habari nyingine iliyotupa moyo tulipokuwa tukisoma. Katika kisiwa cha Ofu, huko Samoa ya Marekani, kuna vidimbwi vya baharini ambavyo maji yakipwa huzidi nyuzi 34 za Sentigredi, na matumbawe yanaishi humo. Mtaalamu Stephen Palumbi na wenzake walihamishia huko matumbawe yaliyotoka kwenye kidimbwi cha jirani kisicho na joto kali kama hilo, na mwaka 2014 wakatoa matokeo: katika muda usiofika miaka miwili yale mageni yalikuwa yameongeza uwezo wa kuvumilia joto, ingawa hayakuwafikia wenyeji kabisa. Kumbe mnyama huyu anaweza kuzoea, akipewa muda.

Sasa tuje kwenye taa. Wale waliowahi kufanya kazi katika wodi ya watoto wenye utapiamlo watatuelewa mara moja. Mtoto akiletwa akiwa mifupa mitupu, mama yake hutamani ashibe siku hiyo hiyo, na tumewahi kumpokonya bibi mmoja bakuli la ugali na maharage, naye akalia akidhani tunamnyima mjukuu wake. Lakini mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mara moja huweza kushindwa, hata moyo ukasimama. Huanzishiwa maziwa mepesi, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baba wa kijana alifanya kama yule bibi. Alitoa kitu chema, akakitoa chote kwa usiku mmoja. Mwambie kijana hivyo, na mwambie mbele ya baba yake.

Taa yenyewe haina ubaya wala haihitaji kurudishwa dukani. Kama ina kitufe cha kupunguza nguvu, ishusheni hadi chini ya nusu. Kama haina, ipandisheni juu zaidi ya maji, au fanyeni kama wafugaji wengi wanavyofanya: kateni vipande vitano au sita vya wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, mviweke kimoja juu ya kingine kati ya taa na maji. Punguzeni pia saa za kuwaka, ziwe sita au saba kwa siku. Acheni hivyo mpaka mwone rangi inaanza kurudi, kisha ondoeni kipande kimoja cha wavu kila baada ya siku nne au tano. Mkiona weupe tena, rudisheni kipande kimoja mkasubiri. Na mkiona matumbawe yamekuwa ya kahawia zaidi kuliko mwanzo msishtuke. Penye mwanga hafifu mwani huongezeka ili kukusanya kile kidogo kilichopo.

Umesema kijana anayahamisha kila siku, leo kona hii, kesho ile, akitafuta mahali pa kuyaponya. Mama, mzuie kwa upole. Ayateremshe chini penye kivuli mara moja tu, kisha ayaache. Kila hamisho ni mazingira mapya, na mgonjwa anaanza upya kuzoea.

Wakati huu msibadilishe kitu kingine chochote. Joto liwe nyuzi 25 au 26, yaani 77 hadi 79 kwa vipimajoto vya huko Marekani, na lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi moja kwa siku. Angalieni sana siku mnapowasha mashine ya kupasha nyumba joto au ya kupoza. Chumvi iwe kama ya baharini, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Hapa wengi hukosea: maji yakipungua kwa kukauka, kinachotoka ni maji tu, chumvi inabaki. Basi ongezeni maji matamu, tena yaliyochujwa kabisa, kwa sababu ya bombani huwa na klorini na pengine shaba, na shaba huua viumbe wa namna hii. Maji ya chumvi ni ya ile siku ya kubadilisha, sehemu moja kwa kumi kila wiki, yakiwa na joto lile lile la tangini.

Siku mkileta kipande kipya, kijana atafurahi kujua kwamba kinawekewa dripu. Ndiyo, dripu! Mfuko wake huelezwa tangini dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha kipande na maji yake humiminwa kwenye bakuli, na mpira mwembamba uliofungwa fundo huvuta maji ya tangi yakadondoka bakulini tone baada ya tone, mpaka maji ya bakuli yawe mara mbili ya mwanzo. Maji yale ya safari humwagwa, hayaingii tangini.

Kuhusu hatari kwa wadogo, hapa tunakuwa wakali kidogo. Wapo jamaa wa matumbawe wasio na mifupa, wanaofanana na vifungo vya shati vilivyopangwa pamoja. Baadhi yao wana sumu kali sana iitwayo palitoksini. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia moja ilisafisha tangi lao, na watu 10 wakapelekwa hospitali, wakiwemo askari wanne wa zimamoto waliokuja kusaidia. Kwa hiyo mwulizeni mwalimu kama vipande mlivyopewa ni vya aina hiyo. Mawe ya tangi yasichemshwe kamwe wala kusuguliwa kwa maji ya moto, maana sumu huruka na mvuke. Kijana avae glavu na miwani ya kukinga macho, asiingize mkono wenye kidonda, na anawe kwa sabuni kila amalizapo. Wadogo watazame tu. Yeyote akipata kikohozi, homa, macho mekundu au ladha chungu mdomoni baada ya kusafisha tangi, nendeni hospitali mara moja, mkamwambie daktari habari ya tangi hata kama hakuuliza.

Dada yetu, tunakuomba jambo moja zaidi. Tafuta daftari la mistari. Kila jioni baba apande kwenye kigoda asome kipimajoto na kukagua wavu, kijana aandike. Si lazima wazungumze mengine. Tumewaweka wote wawili katika maombi yetu ya Alhamisi, na tunakusihi utuandikie baada ya wiki sita utuambie lile la katikati, lililokuwa na rangi ya zambarau, limefikia wapi.