Mvulana wa Bahi Naye Ana Likizo

Kuna imani moja imekaa vichwani mwa watengeneza filamu wetu, na watazamaji wameipokea bila kuihoji: kwamba filamu za wavulana wanaokua wakati wa likizo ni mambo ya Wazungu. Wao wana miezi miwili ya jua, ufukwe, baiskeli na fedha za baba. Kwetu, wanasema, shule ikifungwa mtoto anashika jembe au anafuata ng'ombe. Likizo hana, hadithi ataitoa wapi?

Imani hii haina miguu, na ukiwa Dodoma utaona upesi zaidi kwamba haina.

Tuanze na filamu zenyewe. Inayotajwa kila mara ni Stand By Me ya Rob Reiner, iliyotoka mwaka 1986. Wavulana wanne wa mji mdogo huko Oregon, Marekani, wanafuata reli kwa miguu mwishoni mwa likizo ya mwaka 1959, wakitafuta maiti ya mvulana mwenzao. Ufukwe haumo. Fedha hazimo: wanachangishana sarafu za mifukoni ili wanunue chakula cha njiani. Mmoja sikio lake liliunguzwa na baba yake mzazi. Mwingine anatoka katika familia ambayo mji mzima umeshaipa jina baya, naye amelirithi hata kabla hajakosa. Kinachoibeba filamu ile ni kwamba siku chache mbele wanaanza shule ya ngazi nyingine, na huko hawatakuwa tena kundi moja.

Sasa fungua kalenda yetu. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto wa miaka 13 au 14 si mwanafunzi wa shule yoyote. Wa kidato cha nne ndiyo usiseme: anaweka kalamu chini Novemba, na akibahatika kuchaguliwa kidato cha tano, anaripoti Julai. Hao Wazungu wenye miezi miwili wangetuonea wivu. Tuna pengo refu kuliko lao, nasi tunasema hatuna likizo.

Katika uwanda huu wa kati, pengo hilo la Septemba linaangukia ukame unapokuwa mkali kabisa, kabla mvua za Desemba hazijafika. Nenda kwenye mto wowote uliokauka upande wa Bahi au Chamwino, utawakuta wavulana kwenye kisima cha mchangani. Mmoja ameshuka ndani, mabega hayaonekani. Anasubiri maji yachuruzike, anateka kwa kopo, anapokeza juu. Wa pili anamimina kwenye ndoo. Wa tatu anapanga matawi ya miiba kuzunguka shimo ili ng'ombe wenye kiu wasije wakaporomosha kingo. Maji yanakuja kidogokidogo, hayana haraka, na wakati wa kuyasubiri ndipo yanaposemwa yale yasiyosemwa nyumbani: nani baba yake ameshauza mbuzi kwa ajili ya sare, nani ameambiwa atakwenda Dar kukaa kwenye duka la shemeji, nani anaomba kimoyomoyo afeli ili abaki na wenzake. Mwandishi wa filamu anataka apewe nini zaidi?

Kwa hiyo wanaosema kazi inaua hadithi wameishika kinyume. Kazi ndiyo inayowatoa wavulana machoni pa wazazi. Likizo ya Juni, kwenye mpunga uliochelewa kukomaa, kijana anapanda dunguni kuamia ndege, kombeo mkononi, kutwa nzima. Katika The Kings of Summer, ya mwaka 2013, wavulana watatu inawabidi watoroke makwao na kujijengea nyumba msituni ndipo wapate upweke wa aina hiyo. Wa kwetu anatumwa.

Wala jambo lenyewe si geni. Wagogo walikuwa na jando lao: baada ya mavuno, wavulana wanatengwa, wanatahiriwa, wanafundwa kwa nyimbo na kwa ukali, wanarudi wakiwa watu wengine. Siku hizi wengi wanapelekwa zahanati mwanzoni mwa likizo ili kidonda kipone kabla shule haijafunguliwa. Tohara imebaki, mafunzo yamepungua. Kwa hiyo wanajitungia majaribio yao wenyewe: nani atalala na ng'ombe mbali zaidi, nani atadandia lori, nani atasimama karibu zaidi na reli treni ikipita kati ya Kigwe na Bahi. Hapo kuna ushujaa, upumbavu na hatari, na hatuna filamu za kutosha kuhusu hayo.

Sababu ya kweli ya kukosa filamu hizo ni kwamba sisi watu wazima tunaamini mvulana asiye na shughuli ameshaharibika. Ndiyo maana tunamkimbiza kwenye tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza, na ndiyo maana kwenye filamu zetu anatokea akiwa kibaka, mvuta bangi au mtoto mkorofi wa tajiri. Hata mwigizaji wetu, marehemu Steven Kanumba, aliyewapa watoto nafasi kuliko wenzake wengi, katika Uncle JJ aliwaweka wachangamshe nyumba ya mtu mzima.

Wengine walithubutu. Gaston Kaboré wa Burkina Faso alitoa Wend Kuuni mwaka 1982, hadithi ya mvulana bubu anayechunga mifugo katika nyika ambayo Mgogo angeiona ni ya kwao. Hawa Essuman alitoa Soul Boy mwaka 2010, kijana wa miaka 14 akihangaika Kibera kuikomboa roho ya baba yake. Ufukwe haukuhitajika.

Watakaosema filamu hizi zinafundisha uhuni wana mifano yao. American Pie 2 ya mwaka 2001 ni nyumba ya ufukweni, bia na wasichana basi. Hiyo hatuiombi. Kuna hoja nzito zaidi: dada wa mvulana yule hana pengo lolote, kwa sababu ugali anaorudia kaka yake jioni kaupika yeye, na kuni kazitafuta yeye. Filamu itakayomficha dada huyo itakuwa ya uongo. Hilo ni sharti la kuandika vizuri, na halimzuii mtu kuandika.

Wizara yenye dhamana ya sanaa imehamia Dodoma. Tangu 2024 treni ya SGR inamleta mpiga picha kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa 4. Waigizaji wanamaliza mtihani kila Septemba. Asiyetaka kuitengeneza filamu hii na aseme hana fedha, au anaogopa soko, tutamsikiliza. Ila hiyo sababu ya kwamba hatuna likizo, asituletee tena.