Windows 10 yaachwa bila ulinzi: Je, wakala wa mpakani ahamie Linux?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imesitisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa kompyuta zinazotumia Windows 10. Kwa wengi hiyo ni habari ya mafundi. Kwa wakala wa forodha, msafirishaji na mwenye duka la jumla katika miji ya mpakani kama Busia, Mutukula, Rusumo na Goma, ni habari ya biashara. Kompyuta hizo ndizo zenye maneno ya siri ya mifumo ya forodha, ankara za wateja na njia ya kuingia benki.

Tatizo lenyewe si kuhamia Windows 11 tu. Mfumo huo uliotoka Oktoba 2021 unataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel unakubali prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta ya mtumba ya mwaka 2014 au 2016, hata ikiwa nzima na yenye kasi ya kutosha kuandika ankara na kutuma barua pepe, inakataliwa mlangoni. Mwenye ofisi ya mashine tatu za aina hiyo anaambiwa, kwa maneno mengine, anunue tatu mpya.

Microsoft imetoa nafasi ya kupumua. Mtumiaji binafsi anaweza kuendelea kupata masahihisho hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au, kwa wanaokubali kuhifadhi mipangilio yao kupitia akaunti ya Microsoft, bila malipo. Kwa kampuni bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Nafasi hiyo inaahirisha uamuzi, haiuondoi.

Wapo watakaosema waendelee hivyo hivyo, maana kompyuta bado inawaka. Hao wakumbuke Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimepata sahihisho hilo. Kwa wakala, hasara haiishii kwenye mafaili. Tamko likiingizwa kwenye mfumo wa forodha kwa neno lake la siri, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hapo ndipo jina la Linux linapotajwa. Huu ni mfumo endeshi ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Hauna mwenyewe mmoja, hauna ada ya leseni, na hutolewa kwa sura nyingi. Kwa aliyezoea Windows, sura inayomfaa zaidi ni Linux Mint: kitufe cha kuanzia kiko kushoto chini, saa iko kulia, na mafaili yanafunguliwa kwa kubofya mara mbili kama alivyozoea. Toleo la 22 limeahidiwa masahihisho hadi mwaka 2029, na linahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazotosha kwa raha.

Lakini swali la mfanyabiashara si kama Linux ni nzuri. Swali ni hili: kati ya kazi anazofanya kila siku, zipi zinafanyika ndani ya kivinjari, na zipi zimefungwa kwenye Windows?

Upande wa kwanza ni mpana kuliko ilivyokuwa miaka ya nyuma. Benki kwa mtandao, barua pepe, tovuti za mamlaka za mapato na ufuatiliaji wa makontena vinafunguka kwa Firefox au Chrome, na vivinjari hivyo vyote viwili vipo kwenye Linux. Mfumo wa ASYCUDA World, ulioundwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD na kutumiwa na forodha za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, umejengwa kwa Java, nayo Java inafanya kazi kwenye Linux pia. Hata hivyo kila nchi ina namna yake ya kuunganisha mawakala, na toleo la Java linalotakiwa huweza kutofautiana. Wakala ajaribu kwanza kabla ya kufuta chochote.

Upande wa pili ndio wenye mitego. Tally, programu ya hesabu yenye wateja wengi miongoni mwa wafanyabiashara wa kanda hii, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. QuickBooks ile ya kuweka kwenye kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Fomu za Excel zenye makro, kama zile za ritani katika mfumo wa iTax wa Kenya, si za kuaminiwa zikifunguliwa kwa LibreOffice, ambayo ndiyo inayoshika nafasi ya Word na Excel kwenye Linux. Baadhi ya mashine za risiti za kodi, printa na skana huja na programu ya Windows peke yake. Ipo njia ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux kwa kutumia Wine, lakini kumwambia mgeni aendeshe vitabu vyake vya hesabu kwa njia hiyo ni kumtafutia balaa.

Mifano miwili kutoka Ulaya inaonyesha kuwa utaratibu wa kuhama ndio unaoamua. Jeshi la gendarmerie la Ufaransa halikuanza na Linux. Mwaka 2005 lilibadilisha programu za ofisi, likafuatia na kivinjari na barua pepe, na ndipo mwaka 2008 likaanza kubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Leo zaidi ya kompyuta zake 70,000 zinatumia Linux. Jiji la Munich, Ujerumani, lililoamua kuhama mwaka 2003 na kufikisha kompyuta zipatazo 15,000, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows. Malalamiko ya watumishi kuhusu programu zisizopatana yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Ofisi ndogo ya mpakani inaweza kufuata njia hiyo ya Wafaransa bila gharama. Wiki za kwanza ibaki kwenye Windows, lakini ianze kutumia Firefox na LibreOffice kwa kazi zote. Hapo ndipo itajulikana ni barua gani inayovurugika mistari na ni jedwali gani linalokataa kukokotoa.

Hatua ya pili ni kunakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha kuweka Linux Mint kwenye flashi ya GB 8 na kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Mfumo unafunguka mzima bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Mtumiaji ajaribu Wi-Fi, modemu, printa na skana, kisha aingie kwenye mfumo wa forodha. Kwa wenye kibodi za Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi Bujumbura na Goma, wachague mpangilio huo mapema, la sivyo neno la siri litakataliwa na wataanza kulaumu mfumo bure. Na kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker isiguswe kabla namba yake ya kuifungulia haijaandikwa pembeni.

Vyote vikikubali, ibadilishwe mashine moja, ile isiyo na programu ya hesabu. Ile yenye Tally ibaki Windows. Kama haiwezi kupokea Windows 11, basi hiyo moja ndiyo ya kununuliwa mpya. Kwa hesabu hiyo, ofisi iliyotakiwa kununua kompyuta tatu inanunua moja.

Kikwazo kinachobaki ni msaada. Fundi wa mtaani anaijua Windows, na maelezo mengi ya Linux yako kwa Kiingereza au Kifaransa. Si kwamba Kiswahili hakikujaribiwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Mwenye ofisi afanye hesabu ya fundi kabla ya kuhama. Akimpata anayeijua Linux, gharama za leseni zinapungua kweli. Akimkosa, siku printa itakapogoma huku lori limesimama getini, atalipa kwa muda kile alichookoa kwa fedha.

Mamlaka za mapato nazo zina sehemu yao. Kila mara zinapotoa fomu ya makro au kifaa cha risiti chenye programu ya Windows tu, zinamlazimisha mlipa kodi mdogo kununua leseni, na sasa kompyuta, ili aweze kutii sheria. Tangazo fupi la kila mamlaka, linalosema mfumo upi unafanya kazi kwenye Linux na upi haufanyi, lingempunguzia wakala kazi ya kubahatisha. Bila tangazo hilo, mwenye ofisi hana budi kupima mwenyewe kwa flashi, na ni heri apime kabla ya Oktoba 2026.